Kutoka Njia Panda ya Tinde: Ushauri kwa Anayetaka Uzamili wa Tamaduni Linganishi

Gari linalotoka Nzega likifika Tinde hukuta barabara imegawanyika. Mkono wa kulia ni Shinyanga mjini na Mwanza. Wa kushoto ni Isaka na Kahama, na mbele zaidi Rusumo mpakani mwa Rwanda na Kabanga mpakani mwa Burundi. Malori yanayopumzika hapo huleta Kiswahili cha Dar es Salaam, cha Kigali na cha Bujumbura kwenye meza moja ya mama ntilie, naye akishawahudumia madereva hugeuka akamwagiza binti yake kwa Kisukuma. Ukienda upande wa Kahama unawakuta Wasumbwa na Wanyamwezi. Ukifika Geita, machimbo ya dhahabu yamewakusanya Wasukuma, Wazinza, Waha, Wahaya na watu wa kutoka kila pembe ya nchi.

Kijana aliyekulia mahali kama hapa, akasoma ualimu wa Kiswahili au Historia hadi shahada ya kwanza, anayo malighafi ambayo vyuo vikuu vya dunia huitafuta kwa gharama kubwa. Tatizo ni kwamba anapofikiria shahada ya pili, mara nyingi huambiwa achague usimamizi wa elimu kwa sababu "ndiko kwenye vyeo", au aachane na masomo ya sanaa kabisa. Makala haya ni kwa ajili ya yule ambaye moyo wake uko kwenye fasihi, nyimbo, historia na lugha, na anataka kujua njia inaanzia wapi.

Somo lenyewe lina majina mengi. Hapa nchini halina mlango mmoja wenye kibao cha "tamaduni linganishi". Limetawanyika: fasihi linganishi na tafsiri ziko Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yaani TATAKI, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilhali historia, falsafa na sanaa za maonyesho ziko kwenye idara nyingine. Ulaya na Marekani kuna programu zinazoyaunganisha hayo yote. Jambo linalozifanya ziwe kitu kimoja ni kazi ya kuweka mila, maandishi au sanaa za jamii mbili au zaidi bega kwa bega, kisha kuuliza swali ambalo jamii moja peke yake isingeweza kulijibu.

Kanda ya Ziwa imeshatoa watu walioifanya kazi hiyo kwa kiwango cha juu kabisa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe. Ilikaa miaka mingi bila mchapishaji, mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, na toleo la Kiswahili likatoka mwaka 1980, karibu sana na kifo chake mwaka 1981. Wilhelm Möhlig aliitoa kwa Kijerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Halafu Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, aliyesomea udaktari Sorbonne mjini Paris na baadaye akawa profesa wa fasihi linganishi katika Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, akaileta kwa Kiingereza mwaka 2002, akitafsiri kutoka Kikerewe chenyewe. Kitabu kimoja, lugha zisizopungua nne, kisiwa kimoja. Mwanafunzi mwenye nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza anaweza kukaa mezani na kulinganisha jinsi mwandishi alivyojitafsiri mwenyewe na jinsi mtu wa kizazi kilichofuata alivyomtafsiri. Hapo pana tasnifu nzima ya uzamili, na gharama ya kuianza ni bei ya vitabu viwili.

Euphrase Kezilahabi, wa Ukerewe pia, alifanya uzamili Dar es Salaam juu ya riwaya za Shaaban Robert, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Uzamivu wake wa mwaka 1985 ulihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Anayesoma Nagona (1990) na Mzingile (1991) baada ya Rosa Mistika (1971) ataona jinsi masomo yale yalivyombadilisha mwandishi. Na wapo waliofika mbali bila kuondoka nyumbani. Mugyabuso Mulokozi alifanya uzamivu wake Dar es Salaam, akaukamilisha mwaka 1986, kuhusu tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi iitwayo enanga. Ruth Finnegan wa Uingereza alikuwa ameandika mwaka 1970 kwamba utendi simulizi si jambo la kawaida barani Afrika. Mulokozi alikwenda kwa wapiga enanga wa Kagera, akarudi na tendi. Hii ndiyo kazi ya kulinganisha ikifanywa na mwenye lugha.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, na ndio mzito kuliko yote yatakayofuata, ni kuanza na swali na vitu vya kulinganisha kabla ya kutafuta chuo. Waombaji wengi hufanya kinyume: wanaona tangazo la ufadhili, wanabaki na wiki mbili, wanaandika pendekezo la utafiti linaloitwa "Utamaduni wa Wasukuma na Athari za Utandawazi". Mada ya namna hiyo haina pa kushika. Utamaduni upi? Wa wapi? Unalinganishwa na nini? Msomaji wa maombi huko Ulaya amekwisha kuona mada za aina hiyo nyingi mno.

Tuchukue mfano ambao mtu wa Tinde anaweza kuushika kwa mikono yake. Ngoma za Wasukuma zina pande mbili kubwa zinazoshindana, Bagika na Bagalu, ambazo asili yake inasimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila mwaka, majira ya Juni baada ya mavuno, wachezaji hukutana kwenye Bulabo pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Wanacheza na nyoka, wanacheza bugobogobo na majembe, na nyimbo zao husifu, hutania na kuumbua upande wa pili. Sasa, pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na ngoma ya beni, yenye vyama hasimu kama Marini na Arinoti, sare za kijeshi na vyeo vya kuiga jeshi la wakoloni. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Mwaka 2000, Frank Gunderson na Gregory Barz walihariri kitabu kilichoitwa Mashindano!, kuhusu mashindano ya muziki Afrika Mashariki yote.

Mwombaji akisoma vitabu hivyo viwili, mada yake hubadilika. Badala ya utandawazi, anauliza: kwa nini jamii mbili zilizo mbali hivi, moja ya wakulima na wafugaji wa bara, nyingine ya miji ya pwani, ziliamua kugawanyika pande mbili ili zipate kuimba? Mbinu za kejeli zinafanana wapi na kuachana wapi? Mtunzi wa Kigika anamtukana mpinzani kwa taswira zipi ambazo mtunzi wa beni hakuwa nazo? Hilo ni swali linaloweza kufanyiwa kazi kwa miaka miwili, na ni la mtu anayejua Kisukuma.

Kujua Kisukuma kwenyewe kunahitaji kutengenezwa kuwa ujuzi wa kitaaluma, na hapa wengi hujikwaa. Mtu anaongea lugha tangu utoto lakini hajawahi kuiandika. Kisukuma kina irabu saba pamoja na toni, wakati katika mwandiko uliozoeleka wengi huazima irabu tano za Kiswahili. Maneno mawili tofauti yanaweza kuonekana sawa kwenye karatasi. Njia nzuri ya kujipima ni kurekodi wimbo mmoja wa dakika chache kwa simu, kwa ruhusa ya mwimbaji, kisha kuuandika wote: mstari wa Kisukuma, chini yake maana ya neno kwa neno, chini yake tafsiri ya Kiswahili inayosomeka. Halafu kurudi kwa mwimbaji na karatasi, kumsomea, na kuandika kila anapokataa. Kazi hiyo itakula siku kadhaa za likizo. Itamfundisha mwombaji zaidi ya kozi nzima ya mbinu za utafiti, na ukurasa huo mmoja, ukiambatishwa kwenye maombi, unamtofautisha na wenzake mara moja.

Ni vema pia ajue nani ameshapita njia hiyo. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa sosholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Per Brandström wa Uppsala, Sweden, aliandika juu ya utamaduni wa kuhamahama na kupanuka wa Wasukuma na Wanyamwezi mwaka 1990. Mbelgiji Koen Stroeken alichapisha mwaka 2010 kitabu kuhusu uchawi na nguvu ya kimaadili Usukumani, na mwaka huohuo Gunderson akatoa mkusanyo wa nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, pamoja na tafsiri zake. Orodha hii inatia moyo na inasikitisha kwa pamoja. Inaonyesha kwamba eneo linaheshimika kitaaluma, na inaonyesha majina ya wenyeji yalivyo machache. Vitabu hivyo ni ghali, lakini waandishi wengi wakiandikiwa barua pepe kwa adabu hutuma sura inayohitajika bila malipo. Jarida la Swahili Forum linasomwa bure mtandaoni.

Kwenye machimbo ya Geita, Kahama na Bulyanhulu mada ni nyingi, na baadhi ni za hatari. Deborah Bryceson na wenzake waliandika mwaka 2010 kuhusu uhusiano wa wachimbaji wadogo, waganga na mauaji ya watu wenye ualbino. Ukisoma makala hiyo pamoja na vitabu vya June Nash (1979) na Michael Taussig (1980) kuhusu imani za wachimbaji wa bati wa Bolivia, unaona mara moja uwanja mpana wa kulinganisha: kwa nini utajiri wa chini ya ardhi huzaa simulizi za mizimu na sadaka mahali pengi hivyo? Ila mwanafunzi wa uzamili asiende machimboni na daftari kuuliza habari za mauaji kabla ya kupata kibali cha maadili ya utafiti na msimamizi anayejua eneo hilo. Watu waliouawa wana ndugu wanaoishi jirani. Mtu anaweza kuanza na upande ulio salama zaidi wa maisha hayohayo, kama majina wanayoyapa mashimo, nyimbo za kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), au misemo ya bahati.

Swali likishakaa sawa, ndipo msimamizi atafutwe. Mwombaji asome makala mbili tatu za mhadhiri anayemlenga, kisha aandike barua ya ukurasa mmoja: yeye ni nani, swali lake ni lipi, analinganisha nini na nini, kwa nini mhadhiri huyo na si mwingine. Barua ileile iliyotumwa kwa watu ishirini hutambulika kwenye mstari wa kwanza. Kwa Kiswahili na tamaduni za Afrika Mashariki, majina ya kuanza nayo nje ya nchi ni Bayreuth nchini Ujerumani, ambako hufanyika kongamano la kila mwaka la Kiswahili na ambako shule ya uzamivu ya taaluma za Afrika, BIGSAS, ilianzishwa mwaka 2007. SOAS mjini London, anakofundisha Ida Hadjivayanis, mfasiri wa riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Na Chuo Kikuu cha L'Orientale cha Napoli, Italia. Ndani ya nchi, TATAKI bado ndiyo nguzo. Mwalimu asiyeweza kuacha kituo chake cha kazi aangalie Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Shinyanga mjini. Kusoma huku unafundisha kunachosha, na tasnifu huchelewa, lakini mshahara haukatiki na watoa taarifa wako jirani.

Fedha ndiyo sehemu inayowakatisha wengi tamaa, na ni kweli masomo ya sanaa hayapendelewi. Ufadhili wa Samia Scholarship ulioanza mwaka 2022, kwa mfano, ulilenga waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Hivyo anayesoma insia atazame zaidi ufadhili usiobagua fani. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya humpa mwanafunzi aliyechaguliwa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda wa programu, ada ikiwa imelipwa, na humtaka asome katika nchi mbili au zaidi. Kwa somo la tamaduni hilo lenyewe ni sehemu ya elimu. Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, lakini hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ambao huhesabiwa kuwa saa 2,800, na humtaka mhitimu arudi nyumbani kwa miaka miwili. Ziko pia Commonwealth na Fulbright. Fulbright ina mpango ambao walimu wa Kiswahili wengi hawaujui: wa kwenda kufundisha Kiswahili katika chuo cha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo huku ukisoma kozi kadhaa. Hautoi shahada, ila unampa mtu maktaba, marafiki wa kitaaluma na barua za mapendekezo kutoka kwa watu waliomwona akifanya kazi.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalowatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini asiye na ufadhili atatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu kabla ya viza. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka. Familia isiuze ng'ombe wala shamba la mpunga kwa ajili hiyo. Mwombaji aliyekosa ufadhili mwaka huu arekebishe pendekezo lake na kuomba tena mwakani. Na ufadhili wote uliotajwa hapa huombwa na mwombaji mwenyewe bila ada ya maombi. Wakala anayedai fedha ili "kupitisha jina" akimbiwe.

GPA ina sauti yake. Vyuo vingi vya hapa hupokea kuanzia 2.7, wakati ufadhili wa nje kwa kawaida huwaendea wenye 3.5 na zaidi. Aliye chini ya hapo hana haja ya kukata tamaa, ila atahitaji kitu kingine mkononi: uzamili wa nyumbani uliofanywa vizuri, makala iliyochapishwa, au mkusanyo wa nyimbo kama ule uliotajwa juu.

Kuna makaratasi ambayo huchukua muda kuliko masomo yenyewe. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na shahada liwe moja; herufi moja ikitofautiana, hati ya kiapo itafutwe mapema. Vyuo vingi vya nje hukubali ushahidi wa kusoma kwa Kiingereza katika chuo cha Tanzania badala ya mtihani wa IELTS, hivyo ofisi ya usajili ya chuo iombwe barua inayosema masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mkuu wake wa shule, na asiondoke kabla ya kujibiwa kwa maandishi, kwani walioondoka kwa ahadi ya mdomo walihesabiwa watoro. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iulizwe kabla ya kwenda kama chuo hicho kinatambulika, na shahada ya nje ipelekwe huko ikatambuliwe baada ya kurudi. Anayerudi kufanya utafiti akiwa amesajiliwa nje aanzie kibali chake Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kisha ashuke kwa katibu tawala wa mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata na wa kijiji. Kila ofisi itataka nakala, na mtendaji wa kijiji ndiye asiyefaa kabisa kurukwa.

Na baada ya hapo, kazi ipo? Nafasi za uhadhiri ni chache, na matangazo mengi ya wahadhiri wasaidizi hutaka GPA ya 4.0 kwenye uzamili. Hilo lijulikane mapema, lisije likawa mshtuko. Lakini Kiswahili kimepanda ngazi: SADC ilikipitisha mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha rasmi ya kazi mwaka 2022. Mikutano ya jumuiya hizo inahitaji wakalimani na wafasiri, na mtu aliyefundishwa kulinganisha maandishi ya lugha mbili yuko karibu zaidi na kazi hiyo kuliko aliyejua Kiswahili tu. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa mafunzo ya muda mfupi kwa wanaotaka kufundisha Kiswahili kwa wageni na huwaweka kwenye kanzidata yake. Mwalimu anayeanza maandalizi Januari anaweza kutumia miezi ya mwanzo kusoma na kuandika swali lake, kwenda Bulabo Juni na kinasa sauti, kuomba Dar es Salaam dirisha linapofunguliwa katikati ya mwaka, kisha kutuma maombi ya Chevening na Commonwealth kati ya Agosti na Oktoba na ya Erasmus Mundus kuanzia Oktoba hadi Januari inayofuata. Barua za mapendekezo ziombwe mwezi mmoja na nusu kabla, pamoja na nakala ya pendekezo, ili mhadhiri awe na la kuandika.